Kondo wa Mantiki na Kisima cha Golini

Kondo bin Matano alizaliwa karibu na Mlandizi na akasoma mpaka darasa la nne. Wewe mwenye vyeti vyako usicheke. Darasa la nne la wakati wa Mwingereza lilikuwa zito kuliko hayo yenu ya kuvaa majoho. Aliyelimaliza aliweza kuandika barua, kusoma mizani ya korosho, na kumsumbua mkewe kwa maneno ambayo yeye mwenyewe hakuwa na hakika nayo. Kondo aliyaweza yote, na hilo la mwisho ndilo alilolifanya kwa moyo.

Kazi yake ilikuwa kuchimba. Alichimba vyoo, alichimba makaburi, alichimba mashimo ya nguzo za nyumba za watu. Serikali iliposema wananchi waache kukaa mmoja huku mmoja kule, wahamie vijijini waishi pamoja, Kondo alikuwa wa mwanzo kabisa kufika Songambele, upande wa Gwata, na godoro lake kichwani. Wenzake walidhani ni siasa imemkolea. Siasa gani. Alishapiga hesabu: watu wengi mahali pamoja, vyoo vingi mahali pamoja.

Jioni alikuwa golikipa. Umri wake haukuruhusu, na kitambi chake kilikuwa kimeanza kumtangulia, lakini mpira ulinunuliwa kwa juhudi zake na hakuna aliyethubutu kumwambia akae nje. Alikuwa na tabia moja: mpira ukija kulia alijirusha kushoto, na ukija kushoto alijirusha kushoto vilevile. Alisema kulia kuna mwiba aliwahi kuchomwa.

Mkewe ni Biasha. Walioana kabla ya Uhuru, wakapata binti mmoja, Sikudhani, aliyeolewa Pangani, ile ya Kibaha, si ya Tanga. Kwa hiyo nyumbani mume aliitwa Baba Siku na mke Mama Siku, na mambo yalikwenda. Yalikwenda, ila Kondo alikuwa ameshatumia talaka mbili kati ya zile tatu alizopewa mwanamume. Ya kwanza aliitoa mwaka wa Uhuru wenyewe, katika ugomvi wa nani ameacha mlango wazi kuku wakala mpunga, akamrejea mkewe kabla kuku hawajamaliza kuumeng'enya. Ya pili ilitokana na mantiki, na hapo ndipo habari yetu ilipoanzia.

Mwaka wa sabini na tatu Kondo alipelekwa semina Kibaha, yeye na walimu wengine wa kujitolea wa elimu ya watu wazima. Somo lilikuwa jinsi ya kumfundisha mtu mzima kusoma bila kumwaibisha. Siku moja wali ulichelewa kuiva, na mkufunzi, ili kupitisha muda, akawaeleza kwamba kuna kitu kinaitwa mantiki. Unaweka hoja kubwa, unaweka hoja ndogo, halafu hitimisho linakuja lenyewe, hata ukilizuia. Wali ukaiva, wenzake wakasahau. Kondo hakula. Alikaa na sahani yake mbele akirudia: hoja kubwa, hoja ndogo, hitimisho. Alirudi Songambele bila kukumbuka lolote la kuwafundisha wazee kusoma, lakini na mantiki kichwani kama mtu aliyerudi Hija.

"Mama Siku," alisema asubuhi ya kwanza, "chai isiyo na sukari ni maji ya moto. Hii haina sukari. Kwa hiyo umeniandalia maji ya moto."

"Hitimisho lako liko dukani," alisema Biasha. "Duka la ushirika halina sukari tangu wiki iliyopita."

Wiki hiyo hiyo alinusa mchuzi wa kuku nyumbani kwake. Akaweka hoja kubwa: hakuna anayechinja kuku wake bila kumwambia mumewe. Hoja ndogo: sikuambiwa. Hitimisho: kuku huyu ameibwa. Akatoa talaka ya pili pale pale, jikoni, kwa sababu yeye hali na mwizi. Halafu akahesabu kuku wake, akakuta amepungua mmoja, yule jogoo mwenye kilema ambaye yeye mwenyewe alikuwa amesema achinjwe siku mgeni akija. Mgeni alikuwa yeye, karudi semina. Akamrejea mkewe kabla mchuzi haujapoa, na akala paja.

Tatizo kubwa la Songambele lilikuwa maji. Kijiji kilichaguliwa na watu waliokuja na gari, na waliokuja na gari walikuwa na maji yao ndani ya gari. Wanawake walikwenda bwawani, mwendo wa kutoka jasho mpaka likauke tena, na huko walichota maji ya rangi ya chai ya maziwa, yenye viluwiluwi wanaochezacheza ndani ya ndoo. Shingo ya Biasha ilikuwa imeanza kuingia mabegani. Kondo aliliona hilo na lilimuuma. Mwanamume ana mambo mengi asiyoyasema, akachukua sururu.

Kisima cha kwanza alikichimba bondeni. "Maji hushuka," aliwaeleza watu waliokuja kutazama. "Hapa ni chini. Kwa hiyo maji yameshuka hapa." Ni kweli yalikuwa yameshuka, na bila shaka yalikuwa bado yanaendelea kushuka, kwa maana Kondo alichimba mpaka sauti yake ikawa ya mtu wa kijiji kingine na hakukuta hata unyevu. Cha pili alikichimba kwenye mwinuko, kwa hoja kwamba ikiwa maji hayako chini, basi yako juu. Humo alipata chupa ya dawa ya zamani na konokono aliyekufa. Visima vyote viwili viligeuzwa mashimo ya takataka, na ni haki kusema kwamba katika wilaya nzima hakuna kijiji kilichokuwa na mashimo ya takataka marefu kama Songambele.

Katika siku hizo Biasha alimfuata mara moja na bukta yake ya mpira mkononi, yenye maji ya sabuni yakidondoka. "Baba Siku, hebu tazama hii bukta."

"Ina nini?"

"Tazama kwanza, halafu fikiri."

"Mama Siku, mantiki haikai kwenye bukta," alisema Kondo. "Anika nguo hiyo."

Biasha akaianika.

Haukupita muda, mkutano wa kijiji ukaitwa. Kondo alikaa mbele, akiwa na hoja za kisima cha tatu. Lakini mwenyekiti, Mashaka, mtu mnene mwenye sauti tamu na usingizi wa karibu, alisimama na jambo lingine.

"Ndugu wananchi, Mama Sikudhani ameoteshwa."

Kondo akageuka. Upande wa akina mama, Biasha alikuwa amekaa anachambua kunde kwenye ungo, hana habari na mtu.

"Ameoteshwa maji," Mashaka aliendelea. "Mzee mwenye kanzu nyeupe amemwonyesha. Yako uwanjani, kwenye goli la magharibi, upande wa kushoto ukiwa golini unatazama uwanja."

"Ndiyo maana Kondo anafungwa," mtu akasema nyuma. "Anateleza."

Watu wakacheka. Kondo akasimama. Kilichomuuma zaidi si ndoto, ni kwamba ndoto ilikuwa imefika kwa Bi Mwamini, mjane jirani yao, kutoka kwa Bi Mwamini ikafika kwa mwenyekiti, na yeye aliyelala kitanda kimoja na mwotaji ndiye anayeisikia mkutanoni.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "ndoto si elimu. Juzi mimi niliota nakula pilau. Je, niliamka nimeshiba?"

"Wewe uliota, hukuoteshwa," alisema Bi Mwamini, ambaye hakuwahi kushindwa na mtu kwa maneno. "Kuota ni kwa tumbo. Kuoteshwa unaletewa."

"Utajuaje kama hii ni ya tumbo au ya kuletewa?"

"Ikitimia ni ya kuletewa."

"Kwa hiyo mpaka itimie, hujui."

"Na wewe mpaka uchimbe, hujui. Tumekuachia uchimbe kwa akili, mjomba, tumepata pa kutupa maganda."

Kijiji kizima kikacheka, hata wazee wa safu ya nyuma ambao kwa kawaida huwa hawasikii. Kondo alitazama kushoto na kulia kutafuta hoja kubwa, hakuiona. Hoja ndogo nayo ilikuwa imekimbia. Kilichobaki mdomoni kilikuwa kile ambacho mwanamume wa pwani hukikuta mdomoni mwake akiishiwa.

"Sikilizeni," alisema. "Kama ni ndoto ya Biasha itakayotupa maji, basi Biasha si mke wangu. Talaka ya tatu hiyo, nimeitundika hapo golini."

Vidole vya Biasha vilisimama juu ya kunde. Kila mtu pale alijua hesabu: ya tatu haina kurejea. Ya tatu mke anakwenda, na hawezi kurudi kwako mpaka kwanza aolewe na mwingine kwa ndoa ya kweli na waachane wenyewe. Vidole vikaanza tena kuchambua, polepole.

"Sasa Ndugu Kondo umetuweka pabaya," alisema Mashaka. "Tukipata maji tumevunja nyumba yako. Tukilinda nyumba yako tunakunywa viluwiluwi. Tupige kura. Wanaotaka nyumba ya Ndugu Kondo isimame?"

Mkono mmoja ulinyanyuka, wa Kondo, na hata huo ulinyanyuka nusu.

"Wanaotaka maji?"

Ungo wa kunde uliwekwa chini. Biasha alinyanyua mkono wake mpaka juu.

Kondo hakuwa mjinga kama unavyomfikiria. Alijua kwamba akishindwa mkutanoni bado upo utaratibu. Akadai uthibitisho. Alisema kijiji cha ujamaa hakiwezi kuharibu uwanja wa mpira kwa neno la mtu mmoja aliyeota bila shahidi, na kwamba ndoto hiyo irudiwe mbele ya mashahidi. Wananchi walilipenda neno uthibitisho, wakaunda Kamati Ndogo ya Ndoto. Wajumbe wawili: Mwenyekiti Mashaka na Bi Mwamini. Biasha, aliyesema huota mchana tu baada ya kula, aliagizwa aote kesho yake baada ya sala ya adhuhuri.

"Mama Siku," alisema Kondo wakati wanakula, "kesho usiote."

"Ndoto haina ruhusa."

"Basi ota kitu kingine. Ota bahari."

"Bahari sijaiona, nitaiotaje?"

Kondo alikata tonge, akalirudisha. "Wewe unataka kwenda?"

"Aliyesema habari za kwenda ni nani?" alisema Biasha, akaondoa sahani kabla hajamaliza.

Siku ya pili Kondo alipelekwa shambani ili asimtie mwotaji hofu. Barazani kwake lilitandikwa jamvi. Kamati ilipikiwa muhogo wa nazi na kisamvu, kwa kuwa haiwezekani kumtazama mtu akilala huku una njaa, nayo ikala sawasawa. Biasha akajinyoosha, akajifunika kanga. Jioni Mashaka alitangaza, jamvi limemchora mistari shavuni, kwamba ndoto imerudiwa kama ilivyokuwa, yule mzee ametokea tena na safari hii amesisitiza. Bi Mwamini aliitikia kwa kichwa akipiga mwayo. Uthibitisho ukawa umepita.

Sasa nani achimbe? Songambele ilikuwa na mchimbaji mmoja tu.

Hapa inabidi umhurumie. Yupo mwanamume anaingia golini mwake mwenyewe, upande ule ule wa kushoto anaojirusha kila siku, anachimba kaburi la ndoa yake, na kijiji kimekaa kandokando kinamwimbia wimbo wa kumtia nguvu. Akichimba haraka, amemwacha mkewe haraka. Akichimba taratibu, mkewe atakwenda bwawani tena kesho na ndoo juu ya ile shingo. Kondo alichimba kwa namna ambayo haijaonekana tena wilayani: sururu ilipanda kwa upendo wa mke na kushuka kwa upendo wa mke.

Mchana Biasha alimletea chakula, akakishusha kwa kamba ndani ya kikapu.

"Umefika wapi?" aliuliza kutoka juu.

"Pakavu, alhamdulillahi."

"Usishukuru kwa sauti. Watu wana kiu."

"Mama Siku, hivi wewe hukunielewa nilichosema mkutanoni?"

"Nilikielewa."

"Na unaniletea kunde."

"Talaka imetundikwa, haijaanguka. Mpaka ianguke, kula."

Kondo alikula akiwa amesimama shimoni, na kunde zile, alivyosimulia baadaye, zilikuwa tamu kwa namna ya kumliza mtu. Alijaribu kujadiliana na ardhi. Aliiambia kwamba uwanja huu uko mahali pa wazi, mahali pa wazi hupigwa na jua, kinachopigwa na jua hukauka, kwa hiyo wewe ni mkavu. Ardhi ikamsikiliza. Alipopiga sururu tena, udongo mwekundu ulikwisha, ukaanza wa kijivu, mzito, unaonata kwenye chuma. Halafu nyayo zake zikapata baridi.

"Vipi huko?" Mashaka aliita.

Kondo alitazama miguu. "Pakavu."

"Mbona sururu haisikiki?"

"Napumzika."

Baridi ikapanda kwenye vifundo. Kondo akajisogeza pembeni, nayo ikamfuata. Alipofikiwa magotini, wimbo wa juu ulikuwa umekatika na watu wamejaa ukingoni wakimchungulia, lakini shimo lilikuwa refu na giza, hawakuona kitu ila kipara chake.

"Ndugu Kondo, pakoje?"

"Pakavu kabisa, Ndugu Mwenyekiti. Hata vumbi linanipalia."

Bi Mwamini hakubishana. Aliokota jiwe dogo, akaliachia kando ya kichwa cha Kondo. Chubwi. Kijiji kikanyamaza ili kusikia vizuri, akaachia la pili. Chubwi. Vigelegele vilivyofuata, ikiwa ulikuwa Mlandizi siku hiyo na ulisikia kitu ukadhani ni treni, haikuwa treni.

Kondo alikataa kutoka. Alikaa ndani ya maji, hoja yake ikiwa kwamba kisima hakihesabiwi kuwa kimetoa maji mpaka mchimbaji atoke, na mradi yeye yumo, bado ni mume wa mtu. Walimtoa kwa kamba, amelowa, meno yanagongana, na kitu cha kwanza alichokiona juu ni Biasha amesimama na ndoo tupu. Biasha alimtazama kidogo, akapita kwenda kuchota. Jioni alihamia kwa Bi Mwamini na kanga zake mbili. Kondo alijipikia ugali. Aliumwagia maji mengi, akaongeza unga, akaongeza maji, na mwisho akapata kitu ambacho angeweza kukandikia ukuta.

Hapakuwa na la kufanya ila kwenda Kisarawe kwa Sheikh Mwinyimadi, mzee aliyesoma mpaka macho yakachoka, ambaye mambo ya ndoa na talaka ya kata nyingi yaliishia kwenye baraza yake mlimani. Walikwenda wanne: Kondo, Biasha, na Kamati Ndogo ya Ndoto. Kwa kuwa haikujulikana Kondo na Biasha ni nani kwa nani, ndani ya basi Mashaka aliwekwa katikati yao, akalala kuanzia Kibaha.

"Shikamoo, Sheikh," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Nani amekosana na nani?"

Kondo alieleza yote. Alieleza vizuri, kwa maana mtu akiwa karibu kupoteza kitu huacha kujipamba. Sheikh alisikiliza amefumba macho.

"Uliapa kwa ndoto ya mkeo," alisema. "Si kwa maji. Kama ni ndoto yake itakayotoa maji. Hivyo ndivyo?"

"Hivyo hivyo, Sheikh. Mashahidi kijiji kizima."

"Na maji yametoka pale alipoonyeshwa ndotoni."

"Yametoka." Kondo alijipapasa miguu. "Baridi yake bado iko magotini."

"Basi jambo liko wazi. Mama, una neno?"

Biasha alikuwa amekaa upande, kanga imemzunguka uso. Kijijini walishaanza kumwita Bibi wa Kisima. Jana yake mwanamke wa kijiji cha pili alimletea kuku aotewe mume aliyepotelea Tanga. Alijua anachokiacha.

"Sheikh, mimi sikuota," alisema.

Kondo alishika nguzo ya baraza.

"Sikuota mara ya kwanza wala ya pili," Biasha aliendelea. "Mimi hufua nguo za huyu. Bukta yake ya mpira kila siku ina rangi mbili. Akidaka goli la mashariki anarudi na vumbi jekundu, ukilikung'uta linatoka. Akidaka la magharibi anarudi na udongo wa kijivu, mbichi, na kiangazi kikali ni vilevile. Hautoki hata kwa sabuni. Baba Siku mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Hoja kubwa: udongo haulowi wenyewe. Hoja ndogo: pale unalowa na mvua hakuna. Nikapata hitimisho."

"Kwa nini hukusema hivyo?" aliuliza Sheikh.

"Nilimwambia atazame bukta, akasema mantiki haikai kwenye bukta. Mkutanoni mwaka jana niliwaambia kwa hoja wasipande mahindi kule bondeni, wakaniambia nikae. Bi Mwamini alipoota mvua walianua mpaka mikeka. Nikaona, basi, nami nitaota."

Sheikh alifumbua macho yote mawili. "Mama, anayedai ameota hatumwombi shahidi, maana hakuna aingiaye usingizini mwa mwenzake. Lakini ninyi mna kamati. Kamati imethibitisha kwamba aliota. Mwenyekiti, uliona nini?"

Mashaka alivuta pumzi kama anayeanza hotuba, halafu akaiachia.

"Sema," alisema Bi Mwamini. "Au niseme mimi? Sheikh, muhogo ulikuwa mwingi. Huyu alikoroma kabla sijanawa mikono. Mimi nikamfuata. Nilipozinduka, aliyetakiwa kuota yuko uani anaanua nguo, na aliyetakiwa kushuhudia ananitemea mate kwenye bega."

"Nilifumba macho nifikiri," alisema Mashaka.

"Kwa hiyo mwotaji hakulala, na mashahidi ndio walilala," alisema Sheikh. "Mwenyekiti, ulipotangaza kwamba mzee wa kanzu ametokea tena na kusisitiza, ulimwona nani?"

Mashaka alitazama chini. Alikuwa na hiari ya kusema alidanganya kijiji kizima, na alikuwa na hiari nyingine.

"Mimi ndiye niliyemwona," alisema. "Haki ya Mungu, Sheikh. Mzee, kanzu nyeupe, fimbo. Akaniambia, Mashaka, golini. Nilidhani ndoto ya Mama Siku imenipitia mimi kwa bahati mbaya, kwa kuwa tulilala karibu."

Mabega ya Sheikh yalitikisika. Alipopata sauti alisema, "Ndoto yako si ya mke wa Kondo, hata kama mlikula sufuria moja. Bado bukta. Iko wapi?"

"Nimeivaa," alisema Kondo, sauti ndogo. Alikuwa na nguo moja tu nzuri ya kuvaa ndani ya kanzu.

Sheikh alinyanyuka kwa mkongojo, wakaingia nyuma ya pazia wawili hao. Waliobaki walisikia kanzu ikipandishwa, kisha sauti ya mzee: "Geuka. Si huko, kushoto. Hebu simama kwenye mwanga." Kitambo kikapita, mtu akikwaruza kwa ukucha. Wakatoka.

"Ni wa kijivu," alisema Sheikh, akaketi. "Umeshikamana na uzi. Mwanamke huyu hakuota, alifikiri. Ulichokitundika hakikuanguka, Kondo. Mkeo ni mkeo. Na nikwambie kitu. Akili ameitoa Mungu, na ndoto ya kweli ameitoa Mungu. Katika habari yote hii, kitu kimoja tu umekitoa wewe, nacho ni talaka. Usikirudie. Mimi ni mzee, sitakagua bukta nyingine."

Wakati wa kurudi Mashaka hakuwekwa katikati. Alikaa mbele na Bi Mwamini, wakikubaliana watakachosema kijijini: kwamba mwotaji ni yeye Mashaka, na kwamba Mama Siku alikuwa njia tu ya kupitishia. Mtu asingeambiwa maji yale yalijulikana kwa kufua. Watu walishayanywa na kuyasifu kwamba yanaponya kichwa, kwa nini uwaharibie.

Nyuma, Biasha alifungua kanga usoni. "Baba Siku, nikuulize. Vile visima viwili vya takataka, ulijuaje mahali pa kuchimba?"

Kondo alitazama nje, migomba inapita. Alikuwa na hoja kubwa tayari, akaiacha.

"Niliamka asubuhi nikahisi tu," alisema. "Hoja nilizitafuta baadaye."

"Ulihisi vipi?"

"Kama mtu ananinong'oneza."

Biasha alicheka mpaka Mashaka akageuka kutazama. Kondo alimsogezea mkewe mfuko wa mkate wa Kisarawe, akamwambia ale upande wenye ganda, ambao siku zote hula yeye.

Goli la magharibi lilihamishwa, na Kondo aliendelea kujirusha kushoto, sasa kwenye udongo mkavu unaochubua. Kiangazi cha mwaka uliofuata wakaja wageni kutoka kijiji kimoja jirani na Pangani. Walisikia habari, na kwao maji hakuna. Mashaka alikuwa amesafiri kwenda kuotea watu ng'ombe aliyepotea, wakaletwa kwa Kondo.

"Tumekuja kwako, mzee," walisema. "Hatutaki hoja. Hoja tumechimba nne. Tunataka mtu wa kuoteshwa."

"Kaeni," alisema Kondo. "Mimi huoteshwa baada ya kula."

Akaingia ndani. Biasha alikuwa anakuna nazi. Walinong'ona kidogo, Kondo akauliza jambo, akajibiwa, akauliza tena, akasukumwa begani. Alipotoka barazani alikuwa amefumba macho nusu, na sauti ameishusha kifuani.

"Amenijia mzee wa kanzu," alisema. "Anasema, rudini kwenu, mniletee bukta ya golikipa wenu. Isifuliwe."